Kemia Haisomwi kwa Ukimya

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, vyuo vikuu vya London hupokea vijana waliotoka Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa na Kampala, pamoja na wengine waliozaliwa London kwenyewe na wazazi waliotoka huko. Wengi wao hukutana na kemia katika muhula wa kwanza hata kama hawakuja kuisomea: mwanafunzi wa famasia, wa tiba, wa biolojia na wa uhandisi wa kemikali, wote hupita mlango huohuo. Matokeo ya mwaka huo huwashangaza wengi. Aliyeongoza darasa nyumbani hujikuta akihangaikia alama 40 za kufaulu, na yule aliyeonekana wa kawaida akapita bila taabu. Watu hutoa upesi maelezo mawili. La kwanza ni kipaji: kuna vichwa vya sayansi na vichwa visivyo vya sayansi. La pili ni bidii: aliyefeli hakupiga msuli wa kutosha. Kila moja lina sehemu ya ukweli, na kila moja likiachwa peke yake hupotosha. Ushahidi wa watafiti wa miaka arobaini na ushei, pamoja na historia ya London yenyewe kwa karne mbili, unaelekeza kwenye jambo la tatu. Anayefaulu kemia ya mwanzo ni yule ambaye makosa yake hujitokeza mapema, kwa kuwa hueleza anachokijua mbele ya wenzake, hujipima bila daftari, na husahihishwa na binadamu kabla ya kusahihishwa na mtihani. Kipaji na bidii huzaa matunda katika hali hiyo. Vikikosa hali hiyo, huchoka bure.

Tuanze na ugumu wa somo lenyewe. Alex Johnstone, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini wanafunzi hukwama, alionyesha kwamba kemia husemwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ngazi ya kwanza ni ile ya macho na mikono: maji, moshi, rangi, joto. Ya pili ni ya chembe zisizoonekana: atomu, molekuli, elektroni. Ya tatu ni ya alama: H₂O, milinganyo, hesabu. Chukua gramu 18 za maji, zinazozidi kidogo tu kijiko kikubwa cha mezani. Mwanafunzi anatakiwa aone kwamba maji hayo ni moli moja, kwamba ndani yake mna molekuli zipatazo 6.022 × 10²³, na kwamba alama mbili za herufi na tarakimu moja ndogo zinabeba habari hiyo yote. Mhadhiri aliyezoea huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila hata kujua kwamba ameruka. Msikilizaji mgeni ana nafasi ndogo tu akilini ya kushikilia mambo mapya kwa mara moja. Nafasi hiyo ikijaa, kinachofuata hupita sikioni na kupotea. Huyo hakukosa akili, amezidiwa mzigo, na ataendelea kuzidiwa mpaka apate muda wa kusimama na kuuliza hapa tuko ngazi ipi.

Ubaya ni kwamba mtu anaweza kuzidiwa hivyo na asijue. Mwaka 1987 Susan Nurrenbern na Miles Pickering walichapisha matokeo yaliyowashtua walimu wengi wa kemia. Waliwapa wanafunzi wa Marekani maswali ya aina mbili kuhusu gesi. Aina ya kwanza ilikuwa hesabu za kawaida za mgandamizo, ujazo na joto, ambazo wengi walizipata. Aina ya pili ilikuwa michoro: tangi la chuma lina gesi ya haidrojeni, joto limeshushwa lakini gesi imebaki kuwa gesi, je, ni mchoro upi unaonyesha chembe zake zilivyokaa? Hapo wengi walikosea, wakiwemo waliokuwa wametoka kuzipata hesabu. Walikuwa wameshika kanuni bila kushika kitu ambacho kanuni inakieleza. Katika kozi ya mwanzo hali hiyo huweza kufichika kwa majuma mengi, maana hesabu zinatoka na alama za mazoezi zinaridhisha, mpaka linapokuja swali lenye sura mpya. Ndiyo maana mwanafunzi aliyefeli husema kwa moyo safi kwamba alikuwa ameelewa, nasi hatuna sababu ya kumwita mwongo.

Kusoma kwa kurudia hukuza udanganyifu huo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwagawa wanafunzi makundi. Kundi moja lilisoma kifungu cha maandishi katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha likajitahidi mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 40, na waliojipima takriban asilimia 61. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano. Mwanafunzi anayekesha akipaka rangi mistari ya daftari lake anatoka mezani akijiona mwepesi na mwenye uhakika, kwa kuwa maandishi yote anayafahamu kwa sura. Mwenzake aliyefunga daftari na kujikuta hawezi kuandika hatua ya tatu ya mmenyuko anatoka na mashaka. Mwenye mashaka ndiye aliyejifunza zaidi, na ndiye anayejua kesho aulize nini.

London ililijua jambo hili zamani, kabla halijapimwa kwa takwimu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Humphry Davy alikuwa akitoa mihadhara ya kemia katika Royal Institution, mtaa wa Albemarle, na watu walifurika kumsikiliza. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwemo Jane Marcet. Katika dibaji ya kitabu chake *Conversations on Chemistry*, kilichotoka mwaka 1806 bila jina lake, alieleza kwamba maonyesho ya haraka ya mhadhara hayakumwachia maarifa yaliyonyooka, na kwamba alianza kuelewa pale alipopata rafiki wa kuzungumza naye kuhusu kemia na nafasi ya kurudia majaribio. Kwa hiyo akakiandika kitabu chote kwa mfumo wa mazungumzo kati ya mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kike wanaouliza, wanaokosea na wanaobisha. Kitabu hicho kilimfikia kijana fundi wa kujalidi vitabu, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye hakuwa na elimu ya kutosha ya shule. Alikisoma, akayajaribu aliyoyasoma kwa majaribio madogo aliyoweza kuyamudu, akajiunga na City Philosophical Society, ambako vijana wa kazi za mikono walikutana kufundishana sayansi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya Davy, akaiandika upya kwa mkono wake, akaijalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka 1825 alikuwa tayari amegundua benzini, ambayo leo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchora umbo lake. Kipaji cha Faraday hakibishaniwi. Hata hivyo kipaji hicho kililelewa na mazungumzo, majaribio na kundi la wenzake, na mihadhara ya Davy ilimfaa kwa kuwa aliifanyia kazi baada ya kuisikia.

Takwimu za siku hizi zinakubaliana na uzoefu huo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ya ngazi ya shahada ya kwanza, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na madarasa ambamo wanafunzi hutatua maswali, hujadiliana na kujibu wakati kipindi kinaendelea. Waliofeli katika mihadhara mitupu walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na katika madarasa ya kushiriki asilimia 21.8. Katika darasa la watu 300, tofauti hiyo ni vijana 36. Mwaka 2013 Elzbieta Cook, Eugene Kennedy na Saundra McGuire walichapisha matokeo ya kozi ya kemia ya mwanzo katika chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Baada ya mtihani wa kwanza, wanafunzi walipewa kipindi kimoja cha dakika 50 kuhusu namna ya kujifunza: kujipima, kutatua swali bila kutazama mfano, kumfundisha mwenzako. Waliohudhuria na wasiohudhuria walikuwa na alama karibu sawa katika mtihani ule wa kwanza, lakini mwisho wa kozi waliohudhuria walikuwa mbele kwa daraja zima. Mtu makini atasema kwamba anayehudhuria kipindi cha hiari huenda ana ari kuliko mwenzake, na ni haki kusema hivyo. Lakini ari hiyo haikuwapa faida yoyote ya maana katika mtihani wa kwanza. Ilianza kuwalipa walipofundishwa mahali pa kuielekeza.

Sasa tumtazame mwanafunzi wetu. Uhusiano wa Afrika Mashariki na kemia ya London si wa jana. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na vyuo vya Dar es Salaam na Nairobi vikafuata mkondo huo mwaka 1961, hivyo kizazi cha kwanza cha wahitimu wetu wa sayansi kilipata shahada za London bila kuvuka bahari. Leo safari ni tofauti. Kijana wa Tanzania huja baada ya kidato cha sita, akiwa amesoma msingi kwa Kiswahili katika shule ya serikali na sekondari kwa Kiingereza. Kijana wa Kenya mwenye cheti cha kidato cha nne kwa kawaida hupitishwa kwanza mwaka mmoja wa matayarisho. Wote wamelelewa katika mfumo unaoamuliwa na mtihani mmoja wa taifa, na wamefanya mitihani iliyopita mpaka wakaijua sura ya kila swali. Wengi wametoka shule zenye uhaba wa maabara, uhaba ambao serikali ya Tanzania iliukiri waziwazi Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Ujuzi wa kuitambua sura ya swali unawafaa nyumbani, maana mtunga mtihani harukii mbali. London mtunga mtihani huruka, na aliyejenga nyumba yake juu ya sura za maswali huona ukuta ukitikisika.

Juu ya hayo kuna lugha. Johnstone na mwenzake Selepeng, katika utafiti uliotoka mwaka 2001, walionyesha kwamba mwanafunzi anayejifunza sayansi kwa lugha ya pili hupoteza angalau asilimia 20 ya uwezo wake wa kufikiri jambo hilo, kwa kuwa sehemu ya nafasi ile ndogo ya akili inatumika kutafsiri. Watu hukosea wanapoifanya habari hii kuwa hukumu. Hasara ya asilimia 20 si tofauti ya akili. Ni gharama ya kubeba, na gharama ya kubeba inaweza kugawanywa. Mwaka 1863 vijana watano wa Kijapani kutoka eneo la Choshu walifika London kwa siri, Kiingereza chao kikiwa haba. University College London iliwapokea, na Alexander Williamson, profesa wa kemia, akaingiza kemia ya uchanganuzi katika masomo yao na hata kuwakaribisha baadhi yao kuishi nyumbani kwake. Katika maabara walishika vitu, na katika nyumba ya Williamson walizungumza. Endo Kinsuke alikuja kuongoza kiwanda cha sarafu cha Japani, Inoue Masaru akajenga reli, na Ito Hirobumi, ingawa alikaa London kwa muda mfupi, akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi yake mwaka 1885. Mlango ulifunguka kwao kwa sababu waliwekewa mtu wa kusema naye. Sisi nasi tunayo nyenzo ambayo hatuitumii: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilikwisha kuchapisha *Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia*, na hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kumweleza mwenzake mmenyuko kwa Kiswahili kwanza, akapata maana, ndipo akaandika ripoti yake kwa Kiingereza.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha matatizo ya wanafunzi wetu London. Nyumbani hawakusoma peke yao. Katika mabweni ya sekondari na vyuo vyetu kuna diskasheni: watu watano sita wanakaa, mmoja anashika chaki, wengine wanamkatiza, swali linapigwa mpaka linapasuka. Vijana wengi wakiulizwa kilichowavusha watataja tuisheni au madesa, na kuusahau ubishi wa usiku ambamo makosa yao yalikuwa yakifichuliwa bure. Wakifika London ubishi huo hukatika. Chumba ni cha mtu mmoja, au mwanafunzi anakaa na ndugu mbali na chuo na anasafiri saa nzima kwa treni, wenzake wa darasa ni wageni, lafudhi yake inamtia aibu, na malezi yamemfunza kwamba kumkatiza mwalimu ni utovu wa adabu. Basi anafanya kile anachodhani ni uungwana na bidii: ananyamaza, anaandika, anakwenda kukesha peke yake. Ameacha nyuma chombo bora alichokuwa nacho, na hakuna aliyemwambia kwamba kilikuwa bora.

Mtu aliyeliona jambo kama hili waziwazi ni Uri Treisman, huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi walifeli hesabu za mwanzo za chuo kuliko wenzao wenye asili ya China. Wahadhiri walimpa majibu ya kawaida: hawana ari, hawana msingi, familia hazijali, umaskini. Alipofuatilia maisha yao ya kila siku, maelezo hayo hayakusimama. Alichokiona ni kwamba wale wa asili ya China walisoma kila mmoja peke yake kisha wakakutana, wakakaguana majibu na kuambiana nani amekosea, huku wengi wa wanafunzi Weusi, waliokuwa na bidii ileile, wakitenganisha kabisa masomo na urafiki. Treisman hakuwaanzishia madarasa ya wanyonge. Aliwawekea warsha zenye maswali magumu kuliko ya darasani, wakayafanya kwa pamoja, na matokeo yao yakapanda sana. Lilikuwa somo la hisabati na lilikuwa Marekani, lakini ugonjwa ni uleule tunaouona London, na dawa yake haihitaji mitambo.

Ningekoma hapa, ningekuwa nimemtwika mwanafunzi mzigo wote, na huo ungekuwa udhalimu. Mwaka 2019 jumuiya ya vyuo vikuu vya Uingereza na umoja wa kitaifa wa wanafunzi walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba, kwa waliohitimu 2017–18, kulikuwa na pengo la alama 13 za asilimia kati ya wanafunzi Weupe na wasio Weupe katika kupata shahada za madaraja mawili ya juu. Chuo Kikuu cha Kingston, kusini-magharibi mwa London, kiliunda kipimo kinacholinganisha matokeo halisi na yale yanayotarajiwa kwa mwanafunzi mwenye cheti kama chake katika somo lilelile. Pengo lilibaki hata sifa za kuingilia zilipowekwa sawa, maana yake chuo chenyewe kilikuwa kinalizalisha. Katika kemia hali ni nzito zaidi. Ripoti ya jumuiya ya kifalme ya kemia ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba uwiano wa wanakemia Weusi hupungua katika kila ngazi kutoka shahada ya kwanza hadi uprofesa. Robert Mokaya, Mkenya aliyesoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kupata uzamivu Cambridge na kuwa profesa Nottingham, kwa miaka mingi alitajwa kuwa profesa Mweusi pekee wa kemia Uingereza. Heshima yake ni fahari yetu, na upweke wake ni hesabu ambayo vyuo vinapaswa kuijibu. Kozi ya mwaka wa kwanza ndipo mchujo huo unapoanzia. Vyuo haviwezi kudai kwamba havina dawa, kwani uchambuzi ulioongozwa na Elli Theobald mwaka 2020 ulionyesha kwamba madarasa ya kushiriki yalipunguza pengo la alama za mitihani kwa asilimia 33 na pengo la kufaulu kwa asilimia 45. Sharti lilikuwa moja: ushiriki uchukue sehemu kubwa ya kipindi. Maswali mawili ya kupamba mhadhara hayakutosha.

Kuna hoja za kupinga, na baadhi ni nzito. Ya kwanza inasema: bila msingi wa hisabati na kemia ya sekondari, mazungumzo hayatamsaidia mtu. Ni kweli kwamba msingi ni muhimu, na asiyeweza kugeuza mlinganyo wala kutumia logi atateseka na pH wiki ya kwanza. Lakini msingi nao ni kitu kinachojifunzwa, na swali ni lini pengo litajulikana. Mwanafunzi anayenyamaza hugundua mwezi Januari kwamba hajui logi. Anayejadiliana hugundua mwezi Oktoba, na kuna muda wa kutosha kati ya miezi hiyo kuziba pengo. Vipimo vya Kingston navyo vinatuonya tusiufanye msingi kuwa kisingizio cha kila kitu.

Ya pili inasema: makundi huzaa kudesa. Mmoja anafanya kazi, wanne wananakili, na vyuo vya London vina adhabu kali kwa anayewasilisha kazi ya mwenzake. Hatari hiyo ipo, na jibu lake limo katika mpangilio ule alioueleza Treisman: kila mtu anahangaika peke yake kwanza, kisha kundi linakutana kulinganisha, na baada ya hapo kila mmoja anarudi kuandika kwa maneno yake bila kutazama. Kundi lisilo na hatua ya kwanza ni genge la kunakili, na lisilo na hatua ya mwisho humwachia mtu ujuzi wa kuazima. Onyo hilohilo linahusu programu za akili mnemba zinazotoa jibu lililonyooka kwa sekunde chache. Jibu zuri lililoandikwa na mwingine huleta wepesi uleule wa uongo unaoletwa na kusoma daftari mara nne. Mwenye busara ataitaka programu imuulize maswali na kumkosoa, naye ndiye ajibu.

Ya tatu inatoka kwa wanafunzi wenyewe: tunapenda mhadhara mzuri, hapo ndipo tunapojifunza. Louis Deslauriers na wenzake waliipima hisia hiyo Harvard katika kozi ya mwanzo ya fizikia, wakachapisha mwaka 2019. Wanafunzi wa madarasa ya kushiriki walijifunza zaidi, na papo hapo walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri. Kuhangaika hakupendezi. Kwa hiyo chuo kisiendeshe mafunzo kwa kufuata hisia za dodoso peke yake, na mwanafunzi asiyapime maendeleo yake kwa raha aliyoisikia darasani.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: muda na fedha. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wapo wanaozihitaji zote ili kulipa kodi ya chumba cha London na kutuma chochote nyumbani. Ukimwambia mtu huyo ajiunge na kundi la majadiliano, atauliza lini. Sitamdanganya kwamba mbinu za kusoma ni badala ya chakula. Njaa na deni vina tiba zao, na vyuo vyenye mifuko ya dharura vina wajibu wa kuitangaza kwa sauti. Hata hivyo, mwenye muda mchache ndiye asiyemudu kabisa kuutumia vibaya. Saa moja ya kujipima na kubishana inamzidi faida mkesha wa kupaka mistari rangi, na usingizi aliouokoa ni mali yake.

Yanayofuata ni wazi. Wewe unayeanza mwaka huu, tambua kwamba katika kozi nyingi za Uingereza alama za mwaka wa kwanza hazihesabiwi, au huhesabiwa kidogo, katika daraja la mwisho. Mwaka huo umewekwa ili ukosee humo. Usivunjike moyo ukipata 62, kwani kwa vipimo vya huku 60 ni daraja la pili la juu na 70 ni daraja la kwanza. Tafuta wenzako watatu katika wiki mbili za mwanzo, na wasiwe wote wa kwenu. Funga daftari kabla ya kulifungua. Mwendee mhadhiri katika saa zake za kupokea wanafunzi ukiwa na swali lililoandikwa, maana kwake swali ni dalili ya heshima kwa somo. Enyi wazazi na jumuiya za Waafrika Mashariki mlio London, mnazo kumbi za misikiti, makanisa na vyama, na miongoni mwenu mna wafamasia, wauguzi na wahandisi waliokwisha kupita njia hii. Jioni moja kwa wiki ya meza, ubao na watu wazima wanaokubali kuulizwa itawafaa vijana kuliko nasaha nyingi za harusini. Nanyi wakuu wa idara za kemia, msiyaache majadiliano yawe bahati ya wenye marafiki. Yaingizeni katika ratiba, yapeni chumba, mwalimu na muda wa kutosha, na muanze nayo katika wiki ya kwanza, kabla alama za kwanza hazijawafundisha wanafunzi kujidharau.